Wote Walisema "Kizuri Sana"

Ukienda kushonewa nguo kwa anti Wilkista, nyuma ya soko la Bungoma, usifikiri ataanza kukuuliza unataka suruali ya aina gani. Atakuzungushia tepu kiunoni, aishike vizuri ili usitoroke, halafu aulize, "Na siku hizi unasoma nini?"

Nimekaa kwenye kibanda chake karibu likizo nzima ya Agosti hii, 2004, na majibu nimeyasikia mpaka nimechoka. "Mimi nilimaliza shule kitambo, mama." "Nasoma gazeti, upande wa mpira." "Biblia." Huyu wa Biblia akiulizwa amefika wapi, anaanza kukohoa. Karani mmoja wa serikali alishtuka kabisa. "Kusoma? Kwani kuna mtihani?"

Anti akacheka pamoja naye, akaandika kiuno thelathini na sita kwenye karatasi. Lakini mimi niko nyuma ya meza nakata nyuzi, namwona usoni. Hacheki.

Anti ni dada mdogo wa baba yangu. Alizaliwa Bokoli, akasoma mpaka darasa la nane, kisha akatumwa kwetu Kitale kujifunza cherehani kwa mama mmoja mkali aliyekataza wasichana kuongea kazini, hata wakati wa chai. Basi wakati wa chai anti alisoma chochote: karatasi za kufungia sukari, kalenda, maandishi ya magunia ya mbolea. Siku moja, kwenye rundo la mitumba, akakuta kitabu kisicho na jalada. Hakina jina lake wala la mwandishi, na kinaanzia ukurasa wa tano. Akakishonea jalada kwa kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye kaptura za shule. Ndiyo maana hapa sokoni kinaitwa kitabu cha kaki.

Hadithi yake kila mteja anaijua, maana anti huisimulia akipima mabega. Kuna mwanamke, karani wa posta katika mji mdogo. Inakuja telegramu ya mzee mmoja: mtoto wake wa kiume amekufa huko mbali. Yule karani anaipokea kwa mkono wake mwenyewe, anaificha kwenye droo, na hamwambii mzee. Anaificha miaka kumi na mmoja! Kila Ijumaa mzee anakuja kuuliza kama kuna barua. Kila Ijumaa karani anampa kiti, anampa chai, anamwambia leo hakuna.

"Sasa niambie," anti huuliza, pini zikiwa mdomoni, "kuna mtu anaweza kukupenda hivyo?"

"Haiya, mama Wilkista, hiyo ni kali," mteja husema. "Suruali itakuwa tayari lini?"

Hilo ndilo linalomuumiza. Anataka mtu mmoja tu, katika Bungoma nzima, aliyekisoma kile kitabu kweli, wakae, waongee. Wateja anao, marafiki anao, hata kwaya anayo. Huyo mtu mmoja hana.

Kwa hivyo hukiazima. Mwalimu Phelista alikaa nacho wiki tatu, akakirudisha kimefungwa vizuri kwenye leso.

"Mama Wilkista! Kizuri sana. Kimenifunza mambo mengi."

"Mambo gani?"

"Mengi tu. Maisha. Unajua vile maisha iko."

Alipoondoka, anti alifungua ukurasa wa sabini. Huwa anaupitishia uzi mmoja mwembamba, kuushikanisha na ukurasa unaofuata, kama vile fundi anavyoshikiza pindo kabla ya kushona. Huwezi kupita hapo bila kuukata. Uzi ulikuwa pale pale, mzima.

"Si unaona?" akaniambia. "Mwalimu mzima."

Bwana Mukhisa, anayefundisha mambo ya kilimo kule Mabanga, alikirudisha baada ya siku mbili. "Kitabu iko poa, bana! Nilishindwa kulala." Uzi mzima. Akakirudisha mhudumu wa kanisa: kizuri sana, kimembariki. Uzi mzima. Inaudhi! Si mtu aseme tu kwamba hakupata nafasi? Hakuna anayemdai mtihani. Lakini wote wanasema kizuri sana, wanachukua nguo zao, wanaenda.

Na sasa lazima niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Mwaka jana, nikiwa kidato cha kwanza, nilikiazima pia. Nilikipeleka Kitale, nikakiweka juu ya kabati, nikasahau. Niliporudi Desemba nikamwambia, "Anti, kizuri sana." Akanitazama, akafungua pale pale mbele yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hata wewe, Sandra?" akaendelea kukanyaga cherehani. Afadhali angenipiga.

Kwa hivyo likizo hii nilikichukua kimyakimya. Yeye akiwa kibandani asubuhi, mimi nabaki nyumbani kwake Kanduyi naosha vyombo haraka haraka, kisha nasoma mpaka saa ya kumpelekea chakula. Siku nne. Nililia mara mbili, na mara moja nilikitupa ukutani, nikakiokota na kukipangusa.

Siku ya tano nikafika kibandani nikihema. "Anti, nimekisoma! Chote!"

"Ni vizuri," akasema bila kuinua macho.

"Kweli! Karani anaipokea telegramu, anaificha kwenye droo..."

"Hiyo nimekusimulia tangu ukiwa na miaka kumi."

"Basi angalia uzi! Nimeukata."

"Ulijua uzi uko wapi. Hata paka wangu angejua kuukata." Akanyoosha kitambaa. "Sandra, wewe ni mtoto mzuri. Unataka kunifurahisha. Usijisumbue."

Jamani! Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Ningefanya nini tena? Niape? Siku mbili nikamfuata nikimwambia maneno matamu. Kwamba yule karani ni jasiri, kwamba mwandishi ana kipaji, kwamba mwisho unagusa moyo. Kadiri nilivyosifu ndivyo alivyozidi kusema "mm". Nilijisikia mwenyewe: nilikuwa naongea kama mwalimu Phelista.

Jumamosi, siku mbili kabla sijarudi Kitale kujiandaa kwa shule, kulikuwa na mteja, kijana wa boda boda ya baiskeli aliyekuja kufupishiwa suruali. Amesimama juu ya stuli, anti anapima pindo na kusimulia ile ile. Kila Ijumaa kiti. Kila Ijumaa chai. "Kuna mtu anaweza kukupenda hivyo?"

Sijui nini kilinishika. Nilikuwa nimechoka.

"Huo si upendo," nikasema. "Yule mama aliniudhi sana."

Anti akageuka. "Nini?"

"Na ile nyumba je? Mbona hujawahi kusema juu ya nyumba? Mzee anamjengea mtoto wake nyumba, anti! Kila mwaka chumba kimoja. Anauza ng'ombe, anauza shamba la mtoni, anabaki anakula kwa majirani. Na yule karani anapita hapo kila siku akienda kazini, anaona matofali, na telegramu iko kwenye droo! Chai inasaidia nini?"

Anti alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. "Nyumba," akasema.

"Vyumba kumi na kimoja."

"Hiyo ya nyumba..." Akaangalia pembeni. "Hiyo mimi huruka."

"Unaruka?"

"Inanichosha. Matofali, matofali. Nikifika hapo naenda moja kwa moja kwenye Ijumaa."

"Anti! Na sisi unatuwekea uzi!"

Kijana kwenye stuli akacheka, anti akamkata jicho. Kisha anti akakaa, akanyoosha mkono. Nikampa kitabu. Alisoma zile kurasa zote, midomo ikitembea, kidole chini ya mstari. Alichukua muda mrefu. Karibu na mwisho alisema "ayaa" kwa sauti ndogo, akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena.

Akakifunga.

"Bado alifanya vizuri," akasema.

"Hakufanya vizuri!"

"Mzee alikuwa na kitu cha kuamkia asubuhi."

"Alikuwa na njaa, anti!"

"Wewe una miaka mingapi? Unajua nini juu ya kuamka asubuhi bila kitu?" Sasa alikuwa amesimama, tepu shingoni, ananipigia kelele, na mashavu yake yamekuwa kama ya msichana. "Kaa hapo. Hapana, karibu, hapa. Niambie wewe ungefanya nini. Siku ya kwanza, telegramu iko mkononi. Anza hapo."

"Mama," akasema yule kijana juu ya stuli, suruali imeshikwa pini mguu mmoja tu, "na mimi je?"

"Ngoja," akasema anti. "Huoni tunaongea?"