Zawadi Ambazo Domitille Alinikataza Kumaliza

Wenye wanasema bibi yangu Domitille ana kichwa kigumu, mimi siwabishii. Nimeishi na kile kichwa miaka mingi, najua uzito wake. Lakini waseme pia kwamba ni kichwa kile kiliokoa shule ya watoto wadogo pale kiwandani, mwaka wa sabini na saba, na kwamba mimi, bwana yake, nusura niiharibu kwa mukono wangu mwenyewe. Hiyo sehemu ya pili hakuna mutu anaisema mbele yangu, basi nitaisema mimi.

Kiwanda kilikuwa cha sabuni, kule Nguba, karibu na ziwa. Mimi nilikuwa seremala wake, yeye alikuwa mwalimu wa gardienne, maana yake darasa la wale ambao hawajafika shule ya kwanza. Kila asubuhi tulishuka pamoja kutoka mutaa wetu wa Kadutu, mimi na musumeno wangu, yeye na binti yetu Clémence mukononi. Kwenye karatasi za kiwanda aliandikwa Citoyenne M'Mushagalusa, yaani mwananchi, binti wa Mushagalusa, juu ile miaka serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Nyumbani nilimwita Domitille kama padri alivyomwita, na sikuona askari wa kuja kunifunga.

Darasa lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya kiwanda, na mikeka chini. Watu wa ofisi walikiona kitu kidogo. Lakini kabla ya chumba kile, mama waliokuwa wanafunga sabuni walikuja kazini na watoto wao, na wale watoto walizunguka katikati ya mapipa ya soda kali, ile inayokula ngozi. Mumoja aliungua mukono mpaka kwenye kiwiko. Domitille ndiye aliomba kile chumba, akaomba tena, akasimama mbele ya ofisi mpaka wakachoka kumuangalia.

Alizaliwa Kabare, kwenye shamba la ndizi, wa sita kati ya watoto tisa. Hakuna siku alinunuliwa mudoli. Alichukua ua la ndizi, akalivalisha majani makavu, akalibeba mugongoni, na lilipooza alitengeneza lingine. Masista walimufundisha kusoma na kushona, lakini mimi nadhani kazi yake aliianza kwenye lile shamba.

Sasa, kiwanda kilikuwa na desturi. Kila mwisho wa mwaka, kila mutoto wa mufanyakazi mwenye hajafika miaka sita alipewa kitu cha kuchezea. Noël yenyewe, siku ya kuzaliwa Yesu, ilikuwa imeondolewa kwenye kalenda ya serikali, kwa hiyo tuliambiwa ni sikukuu ya watoto wa wafanyakazi, na wote tulielewa. Zamani vitu vilitoka Ulaya kwa makasha, mudoli kwa musichana, gari kwa kijana. Na sisi wazazi tulifanya nini navyo? Tuliviweka juu ya bufe, ile kabati ya vyombo vya wageni. Ingia nyumba yoyote ya Kadutu ile miaka, ungemukuta mudoli ndani ya plastiki yake, kwenye kitambaa cha kroshe, kando ya picha ya ndoa. Kwangu ilikuwa vile. Clémence alipewa wake akiwa na miaka mbili, na nilimushushia siku ya Mungu baada ya misa, amuangalie kidogo, kisha nilimurudisha juu.

"Firmin," Domitille aliniuliza, "huyu mudoli ni wa nani?"

"Wa Clémence."

"Ana miaka tatu humu nyumbani na mutoto hajamushika."

"Ana miaka tatu na hajaharibika," nilimujibu, na nilifurahia jibu langu.

Mwaka ule wa sabini na saba kasha halikuja. Maduka yenyewe yalikuwa yamekauka, ungetafuta musumari siku nzima. Mwezi wa kumi Citoyen Directeur, mukubwa wa kiwanda, alimuita Domitille ofisini akamuambia achague yeye, watoto mia moja na ishirini, kwa kile kinachopatikana mjini. Halafu akaongeza kitu. Alisema wafanyakazi wanalalamika kila siku, amechoka na kelele. Makarton ya sabuni yanalala kwenye koridoo. Kama hii sikukuu nayo italeta maneno, ile chumba ya gardienne itakuwa depo ya sabuni, na watoto warudi kwa mama zao. Domitille alitoka pale anatembea polepole, na nilijua kuna jambo kabla hajafungua mudomo.

Jumamosi tulizunguka maduka. Kwa Papa Aloys, mufanyabiashara tuliyemujua tangu zamani, tulikuta bastola za plastiki, filimbi, na chura wa bati mwenye ufunguo tumboni. Papa Aloys alizungusha ule ufunguo, chura akaruka mpaka mwisho wa meza.

"Na kesho, Papa?" Domitille aliuliza.

"Kesho ataruka tena, maman."

"Na mutoto yeye?"

"Mutoto ataangalia. Atacheka."

"Na kesho kutwa?"

Papa Aloys aliniangalia kama mutu anaomba musaada. Mimi niliangalia dari. Domitille alifanya vile kwa kila kitu dukani, filimbi, bastola, mupira, akiuliza mutoto atafanya nini nacho kesho, na mupira peke yake ndio ulijibu vizuri, na ilibaki mitatu tu. Tulitoka bila kitu, mimi nimekasirika, miguu inaniuma.

Njiani aliniambia amekwisha kuchagua. Watoto watapewa vitu ambavyo havijaisha. Kila mumoja mufuko wa kitambaa, na ndani yake kipande cha mbao, vigurudumu vinne vya tawi la muti, waya, misumari miwili mirefu ya makasha ya zamani, vitambaa vya fundi cherehani, majani makavu ya ndizi, na donge la udongo wa kufinyanga ndani ya jani bichi. Mwenye anataka gari atatengeneza gari, mwenye anataka mutoto wa kubeba atamutengeneza.

"Na wazazi hawataweza kuweka udongo juu ya bufe," alisema, na hapo nilijua amenipiga na mimi.

Mbao zilikuwa kazi yangu. Vipande mia moja na ishirini kutoka mabaki ya atelie, pale nilipofanyia useremala. Nilikata cha kwanza, nikachukua rabo, ile randa yangu, nikilainishe, akanishika mukono.

"Usimalize."

"Domitille, mimi ni fundi. Kazi haitoki kwangu na miiba."

"Toa miiba. Lakini usichonge. Usifanye mulango wala dirisha. Weye ukimaliza, yeye atafanya nini?"

Nakuambia kweli, niliumia. Miaka kumi na tano ya ufundi, na bibi yangu ananiambia nikate mbao kama mutu anayepasua kuni. Wiki tatu nilikata, nilitoboa matundu ya misumari, nilinung'unika. Wafanyakazi walipita kwenye atelie wakauliza hizo takataka ni za nini, na nilisema ni kazi ya ofisi.

Hapo nilifanya ujinga wangu. Nilijiambia, watoto wengine sawa, lakini Clémence ni mutoto wa seremala. Hataona haya mbele ya watu na kipande cha mbao. Nilimutengenezea lori. Lilikuwa na kabini, milango ya kufunguka, karoseri ya nyuma ya vibao vyembamba, magurudumu ya kuzunguka kwenye chuma, verni ya kung'arisha mara mbili. Sijatengeneza kitu kizuri kuliko lile lori. Nilitoa vitu vyote kwenye mufuko wenye jina lake, nikaliweka lori ndani, na sikumuambia Domitille.

Siku ya sikukuu tulijaa kwenye uwanja wa kiwanda, mama na vitenge vyao vizuri, baba na abakosti, zile suti zisizo na tai. Citoyen Directeur alikaa mbele na bibi yake. Domitille aliita majina, mumoja mumoja, na kila mutoto alikuja kuchukua mufuko wake kwa mikono miwili. Kisha wazazi walifungua ili waangalie.

Walivigeuza vile vitu mukononi. Halafu nilisikia mutu mumoja anasema, "Hii ni nini?" na mwingine, "Ni udongo. Wametupatia udongo." Honoré, delege, musemaji wa wafanyakazi, mutu wa mapipa mwenye sauti kubwa, alisimama. Ndani ya mukono wake kulikuwa kipande cha mbao cha binti yake Colombe.

"Citoyenne," alimuambia Domitille, "watoto wa wakubwa wanapata vitu vya Ulaya, wetu mabaki ya atelie?"

Domitille alianza kumueleza. Alikuwa anaeleza vizuri, bila kuogopa, na watu wengine walianza kusikiliza. Lakini macho ya Honoré yalikuwa yamefika kwa Clémence. Clémence alikuwa amesimama kando, lori mukononi, verni inang'aa kwenye jua.

"Na ile?" Honoré alisema. "Ile ni ya mutoto wa nani?"

Kila mutu aligeuka. Domitille aliangalia lori, halafu aliniangalia mimi. Hakukasirika. Uso wake uliishiwa nguvu tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Watu walianza kupiga kelele, mwalimu amejichagulia kizuri, amewapa wenzake takataka. Citoyen Directeur aliinama akamuambia karani wake kitu, na karani akaandika. Niliona haya mpaka masikio yalipata moto. Chumba kilikuwa kinaenda, na ni mimi niliyekuwa nakitoa.

Nilisimama. Nilisema, "Ni mimi. Bibi yangu hakujua kitu. Ni mimi nilitengeneza, nikaficha." Sijui kama walinisikia. Honoré alicheka, si kwa furaha.

Wakati huu wote Clémence alikuwa anaangalia wenzake. Watoto hawakuwa na habari ya kelele yetu. Walikuwa wamekaa chini, wamemwaga mifuko, mumoja anapiga musumari kwa jiwe, mwingine amefunga mutoto wa majani kwa waya, Colombe anabishana na gurudumu. Clémence alikaribia, akasogeza lori lake katikati yao. Walifungua milango, wakaifunga, wakalisukuma mara mbili, wakarudia kazi zao. Alibaki amesimama. Halafu alilibeba akapita katikati ya watu wazima mpaka kwangu, akaliweka miguuni pangu.

"Papa, ondoa magurudumu."

"Juu ya nini? Ni zuri."

"Iko imeisha," alisema, na machozi yalikuwa yanakuja. "Miye nataka yenye haijaisha."

Wale waliokuwa karibu walisikia, wakawaambia wa nyuma. Mama mumoja alicheka, kicheko cha kweli, na kicheko kilitembea uwanja mzima. Mimi nilitoa turnevisi, ile bisibisi yangu, mufukoni, nikapiga magoti na suruali yangu ya sikukuu, nikaondoa magurudumu. Nikaondoa milango, nikaondoa karoseri, verni na yote. Clémence alisimama kando yangu anasema hii pia, na hii pia. Nililiharibu lile lori mbele ya watu mia tatu, na kila kipande kilichotoka, mutoto alikikamata na kukimbia nacho kwa wenzake.

Nilipoinua kichwa, Honoré alikuwa bado amesimama na kile kipande cha mbao. Colombe alimuvuta suruali.

"Papa, gurudumu haizunguke."

Alimuangalia. Akachuchumaa, yule mutu mukubwa, akapindua kipande. "Tundu ni ndogo," alisema. "Firmin, leta kitu cha kutobolea." Nilileta. Dakika chache baadaye alikuwa ananifokea kwamba waya wangu ni laini, na baba wengine walikuwa wamevua koti za abakosti wakikaa chini. Miaka mingine sikukuu iliisha saa sita. Ile siku saa kumi na moja watu walikuwa bado chini, na mama ndio waliwafukuza kwenda nyumbani, juu chakula kilikuwa kinapoa.

Citoyen Directeur aliondoka na ile karatasi ya karani. Domitille alisema, "Karani aliandika. Nilimuona anaandika." Siku ya Mungu nzima hakukula vizuri. Nilimuomba musamaha mara tatu, alinijibu mara moja.

Jumatatu asubuhi niliitwa ofisini. Citoyen Directeur alikuwa anasoma karatasi, hakuinua macho. "Firmin, chukua mbao nzuri, zile za depo. Peleka kwenye chumba ya gardienne."

Nilijua chumba kimekwisha kuwa depo. Niliuliza, kwa sauti ndogo, etajere, zile rafu za kupangia sabuni, ziwe za urefu gani. Hapo aliniangalia. "Etajere gani?" alisema. Akasimama, akaweka mukono wake karibu na goti. "Meza. Hapa. Hawawezi kufanya kazi kwenye mikeka kila siku."

Nilivuka uwanja na mbao begani. Domitille alikuwa mulangoni. Alikuwa ameziona mbao kutoka mbali, na nyuma yake mikeka ilikuwa imekwisha kukunjwa, imepangwa kando ya ukuta.

"Ni weye walikutuma?" alisema.

"Ni mimi."

"Etajere za sabuni?"

 Niliweka mbao chini, nikainama, nikaweka mukono karibu na goti langu, nikaushikilia pale. Aliuangalia ule mukono. Aliuangalia muda murefu, kisha akafunika mudomo wake, na nilimuona analia bibi yangu mwenye hakulia mbele ya Honoré. Halafu aliwaita watoto waje kupima. Walikuja mumoja mumoja, wakasimama kando ya mukono wangu, wakanyoosha shingo, na mimi nilibaki nimeinama, mugongo unaniuma, najivunia yule mwanamuke.