Chatu wa Kibosho na Sungura Mzima

Jumanne, kwenye duka la dawa za mifugo Kiboriloni, foleni ilirudi nyuma ghafla. Mama mmoja kutoka Kibosho alikuwa amefunua ndoo aliyoipakata. Ndani alijikunja chatu mchanga, mbavu zinahesabika.

"Tunamfuga nyumbani, kibali tunacho," alisema haraka, kabla hajaulizwa. "Daktari, anatufia huyu. Nilimwona amekonda, nikampa sungura mzima. Kamtapika."

Daktari alimgusa nyoka kwa mgongo wa kidole. "Wa baridi kabisa! Kwa baridi ya kwenu huko juu hawezi kusaga hata kifaranga. Mpashe joto, mpe maji, usimshikeshike. Chakula ni baada ya wiki mbili, tena panya mdogo, mmoja."

"Wiki mbili? Aliyekonda hivi nimnyime?"

"Ukimlisha leo, utamzika."

Mama alitugeukia sisi tuliojibanza ukutani, kama anatafuta shahidi. "Jamani, kwetu mzazi akitoka hospitali analishwa mtori wa ndizi na nyama mpaka anaomba msamaha!"

Nilicheka, kisha nikaona aibu, maana yeye aliikumbatia ndoo kwa nguvu zaidi. Sisi wa mlimani tunapenda kwa sahani. Mgonjwa akikataa kula, tunaongeza. Kusubiri hatujui, hata sisi tuliosoma mpaka chuo kikuu.

"Sasa daktari, hizo wiki mbili mimi nifanye nini?"

"Uvumilie, mama."

Alirudisha kifuniko chenye matundu, akavua sweta lake, akaivisha ndoo, akatoka nayo kwenye manyunyu akiwa na blauzi tu.