Kabichi Mahali pa Migomba ya Baba

Bustani naijua, nasema bila kujivunga. Miaka yote niliyokaa mjini, Rwamishenye, sikununua mchicha, na bustani yenyewe ilikuwa magunia ya udongo yaliyopangwa kando ya ukuta wa nyumba ya kupanga. Majirani walikuja kwangu kuomba figiri kama watu wanavyoombana chumvi. Kwa hiyo niliporudi kwetu Kanazi kukaa na mama, sikudhani kabichi zingenishinda.

Nafasi niliipata kwa msiba wa migomba. Mnyauko ulikuwa umeingia kwenye kibanja chetu, shamba linaloizunguka nyumba, tukang'oa mashina matatu nyuma ya jiko, yale ambayo marehemu baba aliyapanda mwaka alipomwoa mama. Bwana shamba alituambia tusirudishe mgomba pale mpaka vuli. Mama aliyalilia mashina yale kuliko nilivyotegemea. Mimi, Mungu anisamehe, niliona jua. Kibanja chote ni kivuli cha migomba na mibuni, na sasa palikuwa na mahali pamoja ambapo mwanga uligusa ardhi. Nikapaomba.

"Mpaka vuli tu," mama akasema. "Mvua ikianguka, mgomba unarudi mahali pake."

"Sawa, Mae," nikajibu, huku moyoni nikijua nitamshawishi kabla ya hapo. Nilipataka pale pawe pangu moja kwa moja.

Nikainua matuta mawili marefu, yamenyooka, kingo zake nimezipigapiga kwa jembe. Moja nikapanda karoti, lingine kabichi. Asubuhi iliyofuata nikayakuta yamefunikwa nyasi kutoka rweya, kule uwandani tunakokata nyasi za kutandaza shambani, nene kama godoro. Kwetu kibanja husifiwa kwa nyasi zake; mwenye udongo unaoonekana huitwa mvivu. Nikaziondoa. Jioni mama akazirudisha. Tukaendelea hivyo siku kadhaa, yeye anafunika, mimi nafunua, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Kisha jirani mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akienda kusali, akasimama na kutazama matuta yangu. "Waitu, huu udongo mmeuvua nguo?" akauliza, akacheka. Niliona aibu. Pamoja na ujuzi wangu wote, nikaziacha nyasi zikae.

Karoti zilizochungulia zilikuwa nyuzi za njano, zikafa. Kabichi ziliangukia mikononi mwa sota, wale viwavi wa kijivu wanaokata mche shingoni. Chini ya nyasi zile walikuwa wamestarehe. Iliposalia miche minne nikawaka.

"Umeniulia bustani, Mae!"

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Matuta yako yana urefu wa mtu," akasema.

Nikageuka. Hatua chache kutoka bustanini ndipo alipolazwa baba, na kabla ya kusakafiwa, kaburi lake lilikuwa hivyo hivyo: udongo mtupu ulioinuliwa, kingo zimepigwapigwa kwa jembe. Mimi nilikuwa nimeinua mawili, ubavu kwa ubavu, mbele ya mlango wa nyuma wa jiko la mama. Nilijisikia vibaya mno. Muda wote nilidhani anaogopa maneno ya watu.

Siku iliyofuata niliyabomoa. Nikasawazisha kipande chote, nikapanda kabichi upya kwa mizunguko, nyasi nikazitandaza kati ya mzunguko na mzunguko tu, mbali na shingo za miche. Karoti nikaachana nazo. Sijazirudia hadi leo na sijuti. Kila asubuhi nilifukua kwa kidole kuzunguka kila mche kutafuta sota, nikawatupia kuku. Siku ya tatu mama alikuja na kigoda chake, akaketi upande wa pili, akaanza kufukua naye. Ana macho makali kuliko mimi. Tulipiga soga humo bustanini mpaka chai ikapoa.

Kabichi zilifunga. Sitajishusha: zilikuwa nzito, zinalia zikikatwa, na yule jirani wa udongo uliovuliwa nguo alikuja kuomba moja, nikampa mbili. Zilipokwisha nikapanda nyingine.

Vuli ikaanza. Sikuwa nimemshawishi mama, wala sikutaka tena kumshawishi. Nilikuwa nimeahidi. Nikang'oa chipukizi la mgomba kutoka shina zima la upande wa mbali, nikachukua jembe, nikaanza kuchimba katikati ya mzunguko wa kwanza, pale pale lilipokuwa shina kubwa la baba. Niliona uchungu, lakini nilichimba.

"Unachimba nini hapo?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Shimo la mgomba, Mae. Mvua imeanguka."

Akatoka, kisu cha kumenyea ndizi bado kiko mkononi. Akalitazama shimo, akalitazama chipukizi, akatazama kaburi kwa muda.

"Utakata mizizi ya kabichi zangu," akasema. "Kaupande kule mbele."

Nikalifukia shimo kwa mikono.