Chombo cha Paka Mnene

Paka wetu alifia juu ya suruali ya mchungaji. Ilikuwa suruali nyeusi, imeshapigwa pasi, inamngoja mwenyewe aje kuichukua, naye akapanda juu yake kama kawaida yake, akajikunja, akalala moja kwa moja. Alikuwa mzee. Mimi na Mama ni washonaji, tunaishi na kushonea katika fleti moja hapa mtaa wa Joubert Park, na paka huyo tulimchukua ili akamate panya. Maisha yake yote hakukamata hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kumwaga manyoya kwenye nguo za wateja na kumsikiliza Mama, maana Mama hana Kiingereza, hana Kizulu, na mimi nikishaanza kukata kitambaa siongei na mtu.

Mama alimfunika kwa kitenge, akasema, "Sasa mi narudi kwetu. Niko nabakia huku juu ya nani?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, binti yake wa kumzaa, pini zimejaa mdomoni. Iliniuma, sifichi. Tena kwetu ni Bukavu, na siku hizi hata waliobaki kule wanatafuta pa kukimbilia. Lakini Mama akishasema amesema. Aliiacha mashine yake na kazi za watu juu yake, akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kupanga nguo. Alisema anangoja paka azikwe tu.

Basi nikaanza kuomba mazishi yachelewe, na kweli yalichelewa yenyewe. Ghorofani hakuna udongo. Bustani ya hapo chini ni ya manispaa, hapazikwi kitu. Mteja wetu mmoja wa mtaa wa Observatory alitupa kona ya ua wake kwa roho safi, lakini anafuga mbwa watatu, na Mama akaniuliza ni mama gani anamzika paka wake kwa mbwa. Nikamwambia kuna kliniki ya wanyama ambako wanachoma, halafu wanakupa majivu uende nayo nyumbani.

"Achomwe? Alifanya kosa gani?"

Nilibembeleza mpaka sauti ikakauka. Mwishoni alikubali, kwa sharti kwamba chombo cha majivu atakichagua yeye mwenyewe.

Kule kliniki walikuwa na rafu nzima ya vyombo. Mama alivichagua kama anavyochagua sufuria sokoni. Alikigonga kila kimoja kwa kidole akasikiliza, akafungua, akanusa, akafunika, akakitikisa kuona kama mfuniko umeshika. Alikataa kisanduku cha mbao kwa sababu ya mchwa. Alikikataa kimoja cha pinki chenye mabawa ya malaika, na hapo nilimuunga mkono, kwa sababu paka wetu hakuwa malaika, na mchungaji ni shahidi.

Dada wa mapokezi, binti mpole aliyekuwa akimwita Mama "Gogo", yaani bibi, kwa heshima ya huku, akatuonyesha kikopo kidogo cheupe. Akasema hiki kinatosha, paka ni mdogo.

Nilipotafsiri, Mama akavimba. "Anasema paka yangu alikonda?"

Lazima nieleze. Kwetu hakuna anayethubutu kusema msibani kwamba marehemu alikuwa mwembamba. Ni sawa na kuwaambia wafiwa kwamba walimnyima chakula. Hata aliyeugua mpaka akabaki mifupa, tunakaa pale tunasifia mashavu yake. Na mimi ndiye nilikuwa mkalimani, ningeweza kupunguza makali. Lakini mfiwa alikuwa mama yangu, mwenye begi nusu limefungwa nyumbani, na nilitaka sana afurahi. Nikamwambia yule dada kwamba paka wetu alikuwa mnene mno.

"Eish! Mnene kama mbwa?"

Nikatafsiri. Uso wa Mama ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kama mbwa kabisa!"

Yule dada akautazama mzigo wetu. Mama alikuwa amemzungushia marehemu vitenge vingi mpaka tulikuwa tumembeba wawili. Hakubishana na Gogo. Akainama nyuma ya kaunta, akatoa dubwana la shaba, pana, zito, lililotengenezwa kwa mbwa wakubwa, ubavuni limechorwa mfupa. Mama aliligonga. Likalia vizuri. Nikamwonyesha ule mfupa, akasema mfupa ni chakula, paka naye anakula.

Tuliporudi kuyachukua majivu, Mama alijitwisha chombo kichwani, akakataa nimsaidie. Kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, magari yalitungoja ingawa taa ilikuwa imeshawaka kijani kwao, na mwanamume mmoja akavua kofia. Tulikiweka mezani, kati ya mashine mbili, na hapo Mama akafungua mfuniko.

Akachungulia. Nami nikachungulia. Chini kabisa, kwenye giza, kulikuwa na kifuko cha plastiki ambacho ungesema ni cha chumvi. Kilichobaki chote kilikuwa hewa.

Nilijua sasa ataliona tusi, atalia upya, na kesho yake nitakuwa namsindikiza kwenye basi.

"Amekonda," akasema Mama.

Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka kilemba kikamfunguka, nami nikacheka nikiwa nimeushika ule mfuniko, kila mmoja akijaribu kunyamaza anamchekesha mwenzake tena. Alipopata pumzi aliinuka, akaingiza mkono chomboni mpaka kiwiko, akaupeleka huku na huku.

"Iko nafasi humu," akasema.

"Nafasi ya nini, Mama?"

"Yangu. Siku nikikufa usinipeleke mbali. Munichome, muniweke humu pamoja naye."

Nikaanza kulia, nalia na cheko bado liko kooni. Mama akanitazama kama mtu anayechelewesha kazi, akavuta kiti mpaka kwenye mashine yake.

"Uko unalia nini? Sijakufa. Leta ile suruali nitoe manyoya."