Shati la Mgeni Asiye na Kelele

Saa mbili asubuhi, chini ya ngazi za hoteli, Bi Mvuke analipiga pasi shati jeupe lisilo na hata mkunjo mmoja. Analigeuza, analipiga tena. Mvuke uliompa jina hilo unapanda usoni, naye leo anaushukuru: unaficha macho.

"Dada, utalichoma," mwenzake wa mashine ya kufulia anamwambia. "Lina kosa gani?"

"Kosa ni langu, kaka. Shati halijafanya kitu."

Wageni hapa huagiza kwa Kiingereza, na wapiga pasi wameyapangia maneno yao reli tatu za kutundikia nguo. Nguo ya *immediately* hutundikwa ya kwanza: mwenyewe anaitaka kabla hajafunga mdomo. *Right away* ni ya pili: ana haraka, ila ana tabasamu. *Soon* ni ya mwisho, baada ya chai.

"Miaka kumi na moja mpango ulikuwa haujatuangusha," anasema Bi Mvuke. "Mwenye kelele tunamnyamazisha kwanza."

Jana mzee mmoja mpole alileta shati mwenyewe mpaka mlangoni. Akasema *soon*, tafadhali. Likaenda reli ya mwisho, nyuma ya suruali ya *immediately* ya kijana ambaye mchana alionekana bwawani na kaptura ya kuogelea.

Bi Mvuke alipopandisha shati, chumba kilikuwa kitupu. Mhudumu wa ghorofa akamweleza: mzee amekwenda kumzika dada yake, kavaa fulana aliyosafiria.

"Nilikosa pa kuuficha uso," anasema. "Mtu ana msiba, bado ana adabu. Mimi adabu yake nikaifanya ruhusa ya kunywa chai."

Leo mzee anaondoka. Bi Mvuke anavua aproni, anapanda, anagonga.

"Shikamoo, baba. Nimeleta shati. Nimechelewa, na naona aibu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee analishika kola, bado ina joto. "Nitalivaa njiani. Napitia kwa dada, bado wamekaa matanga."

Bi Mvuke anarudi chini. Anataka kumwomba meneja kila mgeni aulizwe nguo anaivaa kwenda wapi. Simu kutoka mapokezi inalia kabla hajafunga aproni.

"Chumba cha saba, *immediately*!" anasema binti wa mapokezi.

"Muulize anaivaa kwenda wapi."

"Haya makubwa! Mbona hujawahi kuuliza?"

"Ndiyo aibu yenyewe hiyo, mdogo wangu," anasema Bi Mvuke. "Muulize. Nakusubiri."