Mikono Iliyobaki Magotini

Nilikuwepo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisema sikuwepo, kwamba Jumamosi ile nilikwama njiani nikitoka kazini Midrand, na uongo huo nimeusimulia kwa ufundi kiasi kwamba siku nyingine naiona kabisa foleni ya magari na ile roboti, taa ya njia panda, iliyogoma kuwaka kijani. Lakini nilikuwepo. Nilikaa safu ya tatu ya kikao cha wazazi, kwenye kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakikaribia kidevu, na mikono yangu yote miwili niliiacha palepale, juu ya magoti.

Shule yenyewe ilikuwa ya msingi, ghorofa mbili nyuma ya maduka ya jumla ya Fordsburg, jengo lililokuwa zamani ghala la vitambaa. Haikuwa ya serikali wala ya matajiri. Serikali ilitoa ruzuku, mfuko mmoja wa wafadhili ukaongeza, wazazi tukamalizia kwa karo, na kila mwisho wa mwaka ule mfuko ulitaka kuona matokeo. Matokeo hayakuwa ya kujivunia. Kwenye kusoma tulikuwa mkiani, na sababu aliijua kila aliyewahi kusimama getini saa ya kutoka. Walikuwa watoto wa Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, Tanga, Unguja na Mombasa, pamoja na wachache wa Soweto waliojikuta wageni mjini kwao. Walifundishwa kwa Kiingereza, wakagombana kwa Kizulu, na aliyekanyagwa mguu alilia "mama weee" kama kwao.

Binti yangu hakulia kwa lugha yoyote. Alizaliwa hapa Johannesburg. Nyumbani nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, na hayo tukayaita mazungumzo. Alifika darasa la pili hajui kusoma. Ukiweka kitabu mbele yake alikitazama kwa adabu, kama mtu anayesubiri mgeni aondoke.

Halafu akaja mwalimu msaidizi, mwanamke wa Bukavu, mkali, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. Kabla ya kufungua kitabu aliwaonyesha watoto picha na kuwataka wamsimulie kwa Kiswahili kinachotokea, kila mmoja kwa Kiswahili cha kwao. Wakishabishana vya kutosha kama mbwa ameiba ile nyama au amepewa, ndipo waliposoma Kiingereza kujua nani alikuwa sahihi. Hata watoto wa Soweto wakajifunza, maana hakuna mtoto anayekubali kupitwa na ubishi. Haikupita muda mrefu binti yangu akawa anasoma maboksi ya sabuni, mabango ya spaza, viduka vya mtaani, na barua zangu. Jioni moja nilimwambia afunike sufuria, akanitazama kwa mshangao.

"Mama, unaongea kama mwalimu."

Alisema hivyo kwa Kiingereza. Kwake ile ilikuwa lugha ya mwalimu, nami nilikuwa nimeiazima. Nilipaswa kuumia. Nilifunika sufuria mwenyewe.

Jumamosi ya kikao, mkuu wa shule, mama wa Kizulu asiyependa maneno mengi, alitueleza kwa Kiingereza hali ilivyo. Mkataba wa mwalimu msaidizi ulikuwa unaisha. Mfuko ulikuwa tayari kuendelea kumlipa, lakini ulitaka kujua ni familia ngapi zinazosema Kiswahili nyumbani, kwa sababu kila mzazi, alipomleta mtoto, alisema nyumbani ni Kiingereza.

"Kwa hiyo naomba mikono," alisema. "Nani anasema Kiswahili nyumbani?"

Kuficha Kiswahili ilikuwa desturi yetu, na lazima niieleze. Kabla ya usaili wa kuanza shule tulimfundisha mtoto wimbo mmoja: ukiulizwa nyumbani mnasema nini, jibu Kiingereza. Shule nyingine zilikuwa zimewaweka waliojibu ukweli kwenye chumba cha nyuma, wakapaka rangi picha za matunda mwaka mzima. Tena hii ni Johannesburg. Sote tulikuwa tumeona maduka ya watu wa kwetu yakivunjwa, na mtu aliyeona hayo hapendi kuinua mkono akiulizwa nani ametoka wapi.

Basi ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Inua wewe kwanza," Mkenya mmoja alimwambia mkewe.

"Kwa nini mimi? Si wewe ndiye baba?"

"Eh, maman, mie naogopa," fundi cherehani wa Lubumbashi alisema nyuma yangu. "Batatuandika, kisha batakuja ku nyumba."

Mfanyabiashara wa Kizanzibari, mwenye duka la mabegi, akageuka nusu na kusema kwa sauti ya kusikika hadi dirishani, "Jamani, hapa hakuna Mswahili. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" ukumbi ukajibu.

Mkuu wa shule alikuwa akitusikiliza. "Nasikia," alisema taratibu. "Lakini siwezi kuwapelekea wafadhili nilichosikia. Nahitaji mikono."

Mkono mmoja ukapanda, huko nyuma, karibu na birika la chai. Ulikuwa wa mwalimu msaidizi mwenyewe.

"Samahani, dada," mkuu akasema. "Wazazi tu."

Akaushusha. Akaendelea kutumiminia chai. Aliponifikia aliuliza, kwa Kiswahili, kama naweka sukari. Nikamjibu kwa Kiingereza.

Wenzangu waliogopa. Ningependa kusema nami niliogopa. Ukweli ni kwamba miaka miwili nyuma nilikuwa nimekaa ofisini kwa yule mkuu na kumwambia, kwa Kiingereza changu bora cha chuo kikuu, kwamba sisi ni familia ya Kiingereza, na sasa nilionea haya kuyameza maneno yaliyotoka vizuri namna ile. Wiki ileile niliyomwambia hayo, gazeti moja la nyumbani lilikuwa limechapisha makala yangu kuhusu Kiswahili, lugha itakayoliunganisha bara. Ilisifiwa. Nilipokea pongezi.

Kikao kilifungwa kwa tangazo: mlango wa mkuu uko wazi hadi Ijumaa kwa mzazi yeyote mwenye la kusema faraghani. Nikajiambia wengine watakwenda. Jumatano, bila kuamua hasa, nilijikuta mbele ya geti. Mzanzibari alikuwa pale, amevaa kanzu safi, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Umekuja kumwona mkuu?"

"Hapana. Sweta ya mtoto imepotea."

"Aa. Na mimi sweta."

Tukasimama. Ndani, watoto wa darasa la pili walikuwa wakipiga kelele: kaiba! kapewa! kaiba! Nilijaribu kuitambua sauti ya binti yangu, nikaitambua. Alikuwa upande wa waliosema kapewa.

"Leo wana shughuli," Mzanzibari akasema.

"Naona."

"Sweta si kitu. Tutanunua nyingine."

Tukarudi pamoja hadi barabara kubwa, tukizungumzia bei ya mabegi.

Ijumaa mchana simu ikalia nikiwa kazini. Alikuwa mkuu wa shule. Hakuna mzazi aliyekuja, alisema. Mfuko umeamua kuweka mtu wa kompyuta. Mwalimu msaidizi amerudisha funguo asubuhi. Anakwenda Diepsloot kwa dada yake, akasuke nywele. Nikasema pole. Sikumbuki nilikuwa nampa pole nani. Nje ya dirisha lori lilikuwa linarudi nyuma polepole, nikalitazama mpaka likamaliza.

"Kuna jambo jingine," mkuu akasema. "Nina mama hapa ofisini, amefika wiki hii na mtoto wake. Kutoka Goma, nadhani. Hatuelewani hata neno. Wewe unafahamiana na watu wengi. Humjui mtu anayesema Kiswahili?"

Nyuma yake nilimsikia yule mama, sauti ya chini, akimbembeleza mtoto: "Usiogope. Batapata mutu."

"Nitaulizia," nikasema.