Kirukia cha mke mwenzangu juu ya mkarafuu wangu

Wakuu, hamjambo? Hii si chai. Yalinikuta mwenyewe, na kwa umri huu sina wa kumwogopa.

Ni Mtambile, Pemba, kabla ya Mapinduzi. Mahari yangu ilikuwa mkarafuu mmoja nyuma ya nyumba. Vijana wa mjini msishangae, kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe.

Mume wangu, Faki, akaniolea mke wa pili kutoka Kengeja, jina lake Riziki. Mzuri huyo! Wivu ukanishika.

Riziki alikuja na kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi bila kugusa ardhi. Alikibandua kwenye mfenesi wa marehemu mama yake. Yeye hakuwa na mti, basi akakifunga kwa kamba ya usumba wa nazi kwenye mkarafuu wangu. Bila hata kunambia!

Kikachanua maua meupe. Mchana hayanuki, ikifika magharibi uwanja mzima unanukia. Faki akitoka msikitini anasimama chini ya mti, kafumba macho, ananusa. Msimu wa karafuu, Pemba yote inanukia, yeye ananusa maua ya Riziki! Nilijifukiza udi mpaka nikakohoa. Wala hakugeuka.

Nikadai king'olewe, kinaunyonya mti wangu. Faki akacheka tu, kila mtu anajua kirukia kile kinaishi kwa umande.

Ndoa yao haikudumu, Riziki akapewa talaka. Nilifurahi, sifichi. Siku ya kuondoka, lori la abiria linamngoja barabarani, akanijia.

"Bi Time, nnakuomba kirukia changu. Ndo ukumbusho wa mama."

"Mti wa nani?"

"Wako weye."

"Basi kilicho juu ya mti ni cha mwenye mti."

Akanitazama. "Haya, bakia nacho." Akaenda zake.

Nikajiona mshindi. Mti wangu, maua yangu, mume wangu.

Magharibi ile ile Faki alitoka msikitini, akasimama palepale, akafumba macho. Na kila kilipochanua alifanya hivyo, mpaka tunamzika.

Nilichojifunza: cha mwenzio mpe aondoke nacho, kisije kikabaki kwako kikawa kinamtaja yeye.

Bado kipo. Jana kimechanua, nikafunga dirisha.

Mngekuwa nyie mngekifanyaje? Mwageni maoni, ila asiniambie mtu kwamba Riziki alikuwa mzuri.